Wimbo wa Kitovu wa Sikudhani

Njia ya kufika Umbuji Kitwana Mbaruku hakumweleza mtu, na waliomsumbua aliwajibu kwamba nchi ile haihitaji wageni zaidi. Alichosimulia ni watu wake na sheria zao, na habari za mwanamke mmoja aitwaye Sikudhani.

Kitwana alikuwa muuza vitasa na makufuli, mtu mzima mwenye mke nyumbani, mwepesi wa maneno na mgumu wa kupunguza bei. Alipoingia Umbuji alidhani bahati imemshukia. Hajapata kuona watu wanaopenda kufunga kama wale. Mlango mmoja una makomeo matatu, banda la kuku lina kufuli, na hata kikapu cha mkate kina kifuniko cha ufunguo. Madirisha wameyapandisha karibu na paa ili mpita njia asijue kinachopikwa. Ukimuuliza mtu wa Umbuji jana alikula nini, atakutazama kama uliyemvua nguo hadharani. Mzigo wa Kitwana ukapungua upesi, naye akawa anatembea mitaani anapiga mluzi.

Tena walikuwa watu wa adabu, adabu ya kuchosha. Wawili wakikutana mlangoni, kila mmoja anampisha mwenzake mpaka chakula ndani kinapoa. Lakini katika adabu zao zote ilikuwapo moja iliyopita nyingine: kumuuliza anayekuhudumia yeye ni nani, na kazi ile kapewa na nani, ni tusi. Mtoto anayeuliza hivyo hupigwa kibao cha mdomo. Kitwana aliisikia adabu hiyo siku ya kwanza, akacheka, akaisahau.

Sheria za Umbuji hazitambui sura. Sura, wanasema, inazeeka, na ndugu hufanana. Wanachotambua ni wimbo wa kitovu. Siku kitovu cha mtoto kinapokatika, mama hufunga mlango na kumwimbia mwanawe sikioni wimbo aliomtungia yeye peke yake. Baba hausikii wala bibi hausikii. Mtoto hukua nao, mama akimnong'onezea mpaka aushike, na tangu hapo wimbo ule ndio yeye. Akitaka kuoa au kurithi, au akitaka nyumba, atauimba, na anayeuimba ndiye mwenyewe. Kitwana aliposimuliwa habari hizo alizipenda. Alisema kwao mtu hutambuliwa kwa kipande cha karatasi, na karatasi haijawahi kumbembeleza mtu.

Sikudhani alikuwa mpangaji mwenzake. Vyumba vyao vilipakana katika ua wa mzee mmoja mkali, na kila asubuhi Kitwana alinunua vitumbua kwake. Mumewe, Mlekwa, alikuwa mbali kwenye mashamba ya chumvi. Mama yake alikuwa amefariki masika yaliyopita. Na tumbo lake lilikuwa kubwa. Wanawake wa uani walikuwa wameshaanza kumkataza kuchota maji.

Haja yake ilikuwa moja, na hakuificha. Alitaka nyumba yake kabla hajajifungua. Umbuji kitovu cha mtoto huzikwa chini ya kizingiti cha mlango, na mtoto aliyezikiwa kitovu chini ya kizingiti cha kupanga huhesabiwa mgeni maisha yake yote. Haitwi kwenye vikao vya mtaa, na akioa huulizwa kwao ni wapi. Sikudhani mwenyewe alizaliwa katika nyumba ya kupanga. Alijua uchungu wa swali lile.

"Mzee Kitwana," alimwambia siku moja akimfungia vitumbua, "kesho naenda Ukutani kuomba mkopo wa nyumba. Nisindikize, baba. Mlekwa hayupo, na kwenda peke yangu naona haya."

Kitwana alimsindikiza.

Maombi ya nyumba Umbuji hayapelekwi ofisini, maana ofisi waliziondoa zamani. Upo Ukuta wa Baraza la Makazi, mrefu mpaka unapotelea machoni, wenye matundu usawa wa kinywa cha mtu. Mwombaji hamwoni anayekopesha, na anayekopesha hamwoni mwombaji. Wenyewe wanajivunia sana jambo hilo. Zamani, walimweleza Kitwana, mtu alipoteza siku nzima akitazamana na karani mwenye usingizi, lakini sasa anasema na tundu na kurudi nyumbani kabla maharage hayajaiva. Mbele ya Ukuta walisimama askari wenye mikuki, na mageti ya chuma yalikuwa na makufuli ambayo Kitwana, kwa jicho la biashara, aliyaona ni mazuri ila yamechakaa.

Kabla ya kufikia tundu, mpiga mbiu humsomea mwombaji masharti. Aliyasoma kama mtu anayekimbizwa na nyuki, bila kuvuta pumzi, na kazi ya mwombaji ni kutikisa kichwa kuonyesha amekubali. Watu walianza kutikisa vichwa tangu mwisho wa foleni ili wasichelewe. Kitwana aliyekuwa amesimama kando alitega sikio kwa bidii, na katika masharti yote alinasa maneno mawili tu: "milele" na "washirika". Sikudhani naye akatikisa kichwa, kwa heshima, huku ameshika kiuno.

Kisha akaweka kinywa kwenye tundu. Alitaja jina lake na la mama yake, mahali alipozaliwa, maradhi aliyougua utotoni, ujira wa mumewe na siku ya kuupokea, na mwezi anaotarajia kujifungua. Ulipofika wakati wa wimbo, askari waligeuka wote, wakajiziba masikio kwa pamba. Kitwana alijiziba kwa vidole. Aliona mgongo wa yule binti ukitikisika, naye alipogeuka macho yalikuwa na machozi.

"Tangu mama afe sikuwa nimeuimba kwa sauti," alisema.

Kitwana akamsogelea askari mmoja akamuuliza nyuma ya Ukuta yuko nani. Askari alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyejisahau mbele ya wakwe. "Mzee wangu," alisema taratibu, "hayo hayaulizwi."

Majibu yangetolewa baada ya siku chache. Walirudi nyumbani Sikudhani akizungumza njia nzima: jiko litakuwa upande gani, atapanda mchicha wapi, kizingiti atakifanya cha mti gani.

Siku ya pili Kitwana aliitwa na Mkuu wa Ukuta, Bwana Ngwali, mtu mnene mwenye sauti ya kunyenyekea, aliyetaka makufuli mapya ya mageti. Kwa kuwa mazungumzo ya bei ni ya faragha, alipitishwa mlango wa pembeni mpaka upande wa pili. Na hapo Kitwana akasimama akashindwa kupiga hatua, kwa sababu Ukuta ule haukuwa na mgongo. Mbele chuma na mikuki, nyuma uwanja mtupu. Wasikilizaji walikaa kwenye mikeka chini ya matundu yao, na kila aliyepokea wimbo aliupaza kwa sauti kumfikishia mwenzake wa mkeka wa mbali, naye akaupaza kwa mwingine, maana ndivyo kumbukumbu zinavyohifadhiwa. Kandokando, kwenye mabenchi, watu walikuwa wakinywa kahawa na kusikiliza. Alikuwapo muuza magodoro, fundi rangi, mtengeneza majeneza, na wengine ambao kazi zao hazikujulikana. Baadhi waliondoka wakiimba kwa sauti ndogo ili wasisahau.

Kitwana aliuliza hao ni akina nani.

"Washirika wetu," alijibu Bwana Ngwali. "Mtu akipata nyumba atahitaji godoro. Sisi tunamrahisishia."

"Na wenye nyimbo wanajua?"

"Walikubali. Wote walitikisa kichwa." Kisha akaomba makufuli makubwa zaidi ya yale ya zamani, kwa ajili ya mageti ya mbele, kwani wananchi, alisema, wanajali sana usalama.

Kitwana alilipokea agizo lile. Lilikuwa agizo kubwa kuliko yote aliyopata safarini, nalo lilimfunga mdomo vizuri kuliko kitasa chochote alichowahi kukiuza. Alikwenda nyumbani akiwa amepania kumwambia Sikudhani alichokiona. Lakini alimkuta anashona foronya za nyumba ambayo bado hajaipata, anaimba wimbo wa kawaida tu wa kushonea, na akaona si vizuri kumharibia jioni. Akajiambia atamwambia kesho. Kesho yake akasema hivyo hivyo.

Siku iliyofuata Sikudhani alirudi kutoka kununua unga, uso umemchangamka. Alisema wamemwita wenyewe! Alikuwa anapita kichochoro cha nyuma ya soko, na tundu moja ukutani likamwita kwa jina lake na la mama yake, sauti laini ya mwanamke, ikampa pole kwa ujauzito. Ikasema maombi yake yamekwama njiani, na asipoimba tena kabla jua halijazama nyumba atapewa mwingine. Tundu lenyewe lilipakwa chokaa nyeupe pembeni kama matundu ya Baraza. Basi akaimba, mara mbili, maana mara ya kwanza sauti ilimwomba aimbe polepole.

Kitwana akamwuliza: "Hukuuliza ni nani?"

Sikudhani akamshangaa. "Baba, mtu ananisaidia, nimuulize yeye ni nani?"

Walikwenda pamoja kichochoroni, Sikudhani akimshika mkono kwa sababu hakuweza kukimbia. Chokaa ilikuwa mbichi bado, ikawachafua vidole. Nyuma ya tundu palikuwa na kigoda, maganda ya karanga, na hapakuwa na mtu. Sikudhani alilitazama lile tundu muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba sauti ile ilifanana kidogo na ya mama yake, na ndiyo maana hakusita.

Wakaenda moja kwa moja Ukutani kutoa taarifa. Foleni ilikuwa ndefu, mpiga mbiu akasoma, Sikudhani akatikisa kichwa. Alipoeleza yaliyompata, tundu lilimjibu kwa upole: "Tumepokea malalamiko yako, mama. Ili tuhakikishe kwamba ni wewe, tafadhali imba." Hakukuwa na njia nyingine, akauimba tena. Kisha tundu likasema: "Samahani. Mwenye wimbo huu amekwisha kabidhiwa funguo."

Nyumba waliiona kesho yake. Ilikuwa ndogo, ina kibaraza, ina nafasi ya mchicha. Mwanamke mmoja alikuwa akitundika pazia, na jirani alipomwita "Sikudhani" aliitika bila kugeuka.

Shauri lilifikishwa mbele ya Baraza la Makazi, na Kitwana aliruhusiwa kukaa nyuma kama mgeni. Alisema hajapata kusikia wasomi wakibishana vizuri namna ile kwa faida ndogo namna ile. Wapo waliosema matundu yote ya uongo yazibwe, wakajibiwa kwamba kuyaziba ni kukiri kuwa yapo. Mzee mmoja alipendekeza matundu ya Baraza yapakwe rangi ya pekee; akaelezwa kwamba yamekwisha pakwa chokaa, na walaghai nao wana chokaa. Mwingine alisema onyo lipo tangu zamani, limechongwa kwa herufi nzuri: usiimbe kwenye tundu usilolijua. Kitwana alikuwa ameliona onyo lile. Limechongwa ndani ya tundu, ambako mtu hulisoma akishaweka kinywa. Kijana mmoja wa Baraza aliuliza kwa nini mwombaji asiruhusiwe kulitaka tundu nalo lijitambulishe kwanza. Ukumbi mzima uliinama kwa aibu, na mwenyekiti akamwomba akapumzike nyumbani.

Bwana Ngwali alizungumza mwisho. Alisema Ukuta uko imara, na kwamba wiki hii tu umepata makufuli mapya, akamtazama Kitwana na kumpungia mkono. Kosa, alisema, ni la kinywa. Kitwana alitamani asimame aseme nyuma kuna nini. Alisema miguu ilikuwa tayari, ila kinywa hakikufunguka, na tangu siku ile hajui kuwahukumu watu waoga.

Wakamruhusu Sikudhani aseme. Alisimama, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Waheshimiwa, mama yangu hakuniachia shamba wala sahani. Aliniachia wimbo, akaniambia nisiupe mtu ila nyinyi, kwa kuwa nyinyi ni serikali. Nimeupeleka kwenu, nao umetoka kwenu umekwenda kwa mtu mwingine. Sasa mnaniuliza mimi ni nani. Mimi ndiye aliyeimbiwa. Mama hakumwimbia yule."

Walimshukuru kwa maneno mazuri, kisha wakatoa hukumu. Mbele ya sheria Sikudhani ni yule aliyeimba na kupokea funguo. Mlalamikaji anaweza kuomba kuwa mtu mwingine, na ombi lake litashughulikiwa kwa kufuata foleni. Ama kuhusu marejesho ya mkopo, yatakatwa kila mwezi kwenye ujira wa Mlekwa kama ilivyoandikishwa, maana katika kulipa, Baraza liliona, wote wawili ni Sikudhani.

Hakulia pale. Alilia njiani, akisimama kila baada ya hatua chache, na Kitwana akasimama naye, na hapo ndipo alipomwambia alichokiona nyuma ya Ukuta na siku aliyokiona. Sikudhani alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana. Alimwuliza tu kama makufuli yalilipiwa vizuri, akaendelea kutembea. Kitwana alisema angempiga makofi ingekuwa nafuu.

Baada ya hapo wimbo ulitapakaa. Muuza magodoro alifika uani, akabisha hodi kwa kuuimba. Fundi rangi akaupigia mluzi. Watu ambao hawakuwa na kazi na Sikudhani hata kidogo waliuimba sokoni wakimenya vitunguu, kwa kuwa ulikuwa wimbo mtamu na mwepesi kushika; mama yake alikuwa na kipaji. Kitwana naye akausikia, asubuhi na jioni, atake asitake. Sikudhani aliacha kwenda sokoni. Maneno ya wimbo ule hayataandikwa hapa.

Alijifungua mtoto wa kike. Kitovu kilipokatika, wanawake wa uani walimwachia chumba kama ilivyo desturi, wakafunga mlango wakakaa nje kungoja atoke akitabasamu, dalili kwamba mtoto ameshaimbiwa. Kitwana alikuwa ametoa kitasa chake bora kuliko vyote, asichowahi kukiuza, akakitia kwenye mlango ule bila malipo. Walingoja. Ndani hapakusikika kitu, na hiyo ni kawaida, kwani wimbo hunong'onwa. Mlango ulipofunguliwa, Sikudhani alisimama na mtoto kifuani, hakutabasamu.

"Sikumwimbia," alisema. "Nimemnyonyesha tu."

Wanawake waliziba vinywa. Mmoja wao, kungwi wa mtaa, alimkumbusha kwamba mtoto asiye na wimbo hataolewa kwa sheria, hatarithi, wala hatapata nyumba. Sikudhani alijibu kwamba anajua. Yeye alikuwa na wimbo, akasema, na leo hana hayo yote na wimbo pia hana. Huyu hatakuwa na kitu cha kuchukuliwa. Kisha akainama mwenyewe, akachimba chini ya kizingiti cha kupanga, akafukia kitovu, akasawazisha udongo kwa kiganja. Wanawake wakaondoka mmoja mmoja, bila kupishana.

Kitwana aliondoka Umbuji muda mfupi baadaye. Alimuaga Sikudhani mlangoni, akajitia kukikagua kitasa ili asimtazame usoni.

"Kizuri," alisema Sikudhani. "Lakini mlango wangu haukuwahi kuwa na tatizo, mzee."

Akamwomba jambo moja. Akifika kwao ausahau ule wimbo. Asiupige mluzi, asimwimbie mtu, hata akilewa. Angalau iwepo nchi moja, alisema, ambako haujafika. Kitwana alishika sikio lake, kiapo cha watu wa kule, akaahidi.

Huko kwao aliacha biashara ya vitasa, akafungua duka la misumari na bawaba. Watu walimcheka, akawaacha wacheke. Ahadi aliitunza, alijiambia, na kwa alivyojua hakuna aliyewahi kumsikia akiimba.

Mwanamtama, mkewe, alikuwa jikoni asubuhi moja anachambua mchele, mlango wazi, jua limeingia mpaka kwenye ungo. Kitwana alikuwa nje anapanga misumari. Mkewe akaanza kuimba taratibu, kwa raha, kama mtu anayeimba wimbo alioujua siku nyingi, na Kitwana akadondosha kopo lote.

Alimwuliza ameutoa wapi. Mwanamtama akacheka, akasema, kwani si kwako wewe, baba? Unauimba usingizini kila siku tangu uliporudi, mpaka majirani wa ukuta wa pili wameushika, na watoto wao wanaurukia kamba.

"Mtamu," alisema, akipeta ungo. "Ni wa nani?"

Kitwana alifungua kinywa amtaje, akakumbuka kwamba jina nalo lina mtu mwingine anayeliitikia, kwenye nyumba yenye kibaraza. Akainama akaanza kuokota misumari, na nyuma yake mkewe akaendelea kuimba.